Alama Arubaini za Ami Aflah

Jumapili, 2 Novemba 2025

Leo shemeji yangu Ghaith kanifukuza. Kaja mwenyewe mpaka kwenye kona ya godauni lake, huku Rusayl, nnapofanyia kazi mwaka wa kumi na moja sasa. Kasimama na kanzu yake nyeupe, kaikusanya kwa mkono isiguse vumbi langu. Kasema kona anaitaka kwa ajili ya viyoyozi. Mpaka Jumapili ijayo pinboli yangu iwe imepata pa kwenda. Isipopata, inakwenda kwa mnunua vyuma chakavu, na mimi nakwenda kusimama nyuma ya kaunta ya duka lake kuuza vichungi vya viyoyozi.

Vichungi! Mimi!

Mtu mwenyewe katika maisha yake hajabuni hata ubao wa duka. Huo nao kabuniwa na mkewe.

Naandika hapa, maana hapana mwengine atakayeandika: Oman nzima ina mbunifu mmoja wa pinboli. Wa pili ni Aws, na Aws simhesabu.

Watu huniuliza pinboli ni kitu gani, kisha hawasubiri jibu. Ni meza ya mshazari yenye kioo juu. Gololi ya chuma unairusha kwa springi, inagonga huku na huku, taa zinawaka, alama zinapanda. Wewe una vitufe viwili vya kuendeshea mikono miwili midogo, uizuie gololi isitumbukie shimoni. Khalas. Ya kwanza niliiona nna miaka tisa, tulipokwenda Dubai, kwenye ukumbi wa hoteli. Baba alinibeba nalia. Tangu siku ile sijataka kitu kingine.

Nshatengeneza tatu. Ya kwanza, Jiko la Bibi: gololi ilinasa ndani ya sufuria na imo mpaka leo. Ya pili, Raundabauti: gololi ilizunguka, mchezaji kenda kusali adhuhuri, karudi, bado inazunguka. Watu walicheka. Wajinga. Raundabauti si ndivyo zilivyo?

Ya tatu ndiyo hii, Mgeni wa Heshima. Na hii ina bahati yake. Bi Muhsina anafungua ukumbi wa michezo Madinat Sultan Qaboos, na pale mlangoni kaacha nafasi ya pinboli moja. Moja tu. Alkhamisi anazijaribu mbili, yangu na ya Aws, achague.

Aws! Kijana wa miaka thalathini na moja, anavaa raba na anakunywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Kuzungusha waya kwenye sumaku ya umeme nilimfundisha mimi, kwa mkono wangu huu. Leo ana pinboli yake, Mbio za Ngamia. Eti ngamia.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemleta mke wangu, Mahbuba, Rusayl baada ya kazi aijaribu. Kaja na mkoba begani na hakuuteremsha.

Nimemweleza vizuri. Gololi ni mgeni. Kaingia barazani. Akigonga halwa, alama ishirini. Tende, kumi. Kahawa, kumi. Anazunguka anavyotaka, anakula anavyotaka, alama zinapanda hata elfu. Mwisho kabisa, katikati, kuna shimo la udi. Gololi ikiingia humo, kijiko cha umeme kinapata moto, feni ndogo inapuliza, na moshi wa udi wa kweli unatoka mbele ya mchezaji. Mchezo umekwisha. Nani duniani keshafanya kitu kama hiki?

Mahbuba kavuta springi. Gololi imekwenda moja kwa moja mpaka kwenye udi. Moshi. Taa zimezima. Alama, sifuri.

Kaniuliza gololi mbili zilizobaki ziko wapi, maana nilimwambia mchezo una gololi tatu. Nikamwambia mgeni keshafukizwa. Kwetu udi ukishapita, mtu ananyanyuka, anaaga. Hapana anayefukizwa kisha akakaa tena akaomba halwa. Kasema yeye hata kukaa hajakaa. Nikamwambia ndiyo bahati ya mchezo. Kasema mchezo unaomuaga mtu kabla hajavua viatu si mchezo.

Hana subira. Nyumba yao yote ndivyo walivyo.

Njiani kanambia, kwa upole mno, nilisogeze shimo la udi pembeni, liwe gumu kuingia. Nimeongeza mwendo wa gari. Mtu akikwambia usogeze udi pembeni, utamjibu nini? Adabu haisogezwi.

Jumanne, 4 Novemba

Akili imenijia alfajiri, nnatia udhu.

Bi Muhsina ni mtu wa kwetu. Wazee wake wametoka Unguja kama wetu. Mtu wa kwetu haangalii kitu, anaangalia nani kakikalia. Ukimleta mzee mwenye jina akakifungua kitu kwa bismillahi, hicho kitu kishapita. Penye wazee haliharibiki neno.

Nimeendesha mpaka Bustan kwa Ami Aflah. Ndugu yake marehemu baba, miaka themanini na nne, ndevu nyeupe mpaka kifuani, fimbo ya mpingo. Akiingia msikitini watu wanamwachia nafasi ya mbele bila ya kugeuka kutazama ni nani.

Kaniuliza chombo chenyewe kinauma? Nikamwambia hakiumi. Kauliza ni kamari? Nikamwambia hasha, ami, hapana kushinda kitu, ni alama tu. Kauliza alama za nini sasa. Hapo nimebadilisha mazungumzo. Mwisho kakubali, kwa sharti iwepo halwa ya kweli na awe kesharudi kwake kulala kabla ya alasiri.

Kisha nimewapigia simu watu watano wa ukoo. Wote watu wazima, wote na vilemba. Watasimama nyuma ya Ami Aflah, watacheza baada yake, kila mmoja kwa zamu. Bi Muhsina ataona heshima imejaa ukumbi mzima. Aws atamleta nani? Wavaa raba wenzake.

Nimemhadithia Mahbuba. Kasema watu waje kucheza, si kuhudhuria khitma.

Jumatano, 5 Novemba

Pinboli zote mbili zimefika ukumbini leo. Yangu imepanda pikapu ya Ghaith, na Ghaith kanikumbusha mara mbili kwamba Jumapili haiko mbali.

Mbio za Ngamia nimeiona. Takataka. Ngamia wa plastiki wanapanda na kushuka, muziki wa kuumiza meno, kioo cha televisheni kinamwambia mchezaji hongera hata akikosea. Hapana hata adabu moja ndani yake. Aws kaja kunisalimu, kanibusu kichwa, kaniita ami mbele ya watu. Mnafiki. Kauliza kama nnataka msaada wa kusawazisha miguu ya yangu. Kusawazisha! Nimeelewa papo hapo anataka nini: anataka kuiharibu.

Basi nimemtangulia.

Alipotoka kununua kahawa yake ya karatasi, nimekunja boksi mara nne na nimelipachika chini ya miguu ya nyuma ya Mbio za Ngamia. Meza ikizidi mshazari, gololi inashuka mbio. Wachezaji kesho watapoteza gololi kabla hawajapepesa macho, watakasirika, wataiacha. Kazi safi, hata jasho sikutoka.

Kuna mwanamke anayesafisha ukumbi, Benedikta, Mtanzania wa Bukoba. Alikuwa anapiga deki karibu yangu, kasimama kuangalia. Kaniita Mzee Marhoon. Nna miaka hamsini na saba tu. Kaniuliza kwa nini shimo la katikati limeelekeana sawasawa na njia ya springi, si gololi itakuwa inatumbukia kila mara? Nikamwambia hilo ni shimo la udi, na mambo ya udi hayamhusu. Kasema sawa, mzee. Kaendelea na deki yake.

Mtu wa deki anamfundisha mbunifu. Dunia imefika hapo.

Alkhamisi, 6 Novemba

Nnaandika kwa hasira.

Saa nne asubuhi tulikuwa tumejaa. Bi Muhsina na buibui lake la kazi, daftari mkononi. Aws na raba zake, peke yake, hakuleta mtu. Nikacheka moyoni. Ami Aflah kaingia na fimbo, watu watano nyuma yake, ukumbi mzima umenyanyuka. Nikamwona Bi Muhsina anaweka daftari chini na kujifunga mtandio vizuri. Nikasema, imekwisha hii.

Sasa nani aanze. Ami Aflah kasema aanze mwenye nyumba. Bi Muhsina kasema hasha, atangulie mkubwa. Ami kasema amtangulize mtengenezaji. Mimi nikasema wallahi siwezi. Mmoja katika wale watano kamwambia mwenzake, yule kamrudishia. Robo saa imepita tunakaribishana. Benedikta kasimama na ndoo, anatutazama mmoja mmoja.

Mwisho Ami kakubali. Kasema bismillahi, kavuta springi. Gololi, mashallah, imegonga halwa. Ishirini. Imeanguka kwenye tende. Thalathini. Imepita kwenye kahawa. Arubaini! Na kutoka hapo imeteremka taratibu mpaka kwenye udi. Moshi umetoka, ukumbi wote umenukia. Ami kaufukizia ndevu, upande huu na upande huu. Kasema hii ni mashine yenye malezi. Machozi yalinitoka, sifichi.

Kumwomba asiondoke imekuwa kazi, maana keshafukizwa. Tumemkalisha na sahani ya halwa awasubiri wenzake.

Kacheza wa pili. Kafika thalathini, kaona ubao wa alama, kaiondoa mikono yote miwili kwenye vitufe. Gololi imeanguka. Ya pili kaiachia. Ya tatu kaiachia. Kamgeukia Ami Aflah kwa adabu, kasema hapana wa kumpita. Wa tatu, ishirini, kaachia. Wa nne na wa tano kumi kumi, wameachia. Wa sita hakutaka hata kuvuta springi, mpaka alipolazimishwa. Aws, Aws mwenyewe, anayejifanya bingwa, kafika thalathini na tano!

Nimefuta. Thalathini na tano haipatikani. Thalathini. Hata hesabu zimenipotea.

Kisha Bi Muhsina. Huyu ndiye nilimtegemea. Kacheza vizuri, halwa, kahawa, kafika thalathini, gololi inamjia mkononi moja kwa moja. Kamtazama Ami Aflah na sahani yake. Kavua vidole kwenye vitufe.

Ami kasema alhamdulillahi, kanyanyuka, kaaga. Watano wameaga. Ukumbi umebaki na harufu ya udi na ubao wa alama ulioandikwa: ya juu kabisa, arubaini.

Mbio za Ngamia ilipofika zamu yake hapakuwa tena na mzee wa kumheshimu. Wamecheza mafundi wa umeme waliokuja kufunga taa. Kacheza mpishi wa mkahawa wa jirani na aproni yake. Kacheza Benedikta. Gololi inakimbia kama imetumwa dukani, watu wanapiga makelele, wanasukumana zamu. Aws kainama kuangalia, kaliona boksi langu chini ya miguu. Kasema kumbe kulikuwa bapa mno! Kauliza nani kamsaidia, amshukuru.

Nikaenda kufuta kioo cha yangu.

Bi Muhsina kanifuata kwa sauti ya kumstahi mtu. Kauliza kama pinboli yangu ina hitilafu, maana imechezwa na watu wanane na hapana aliyepindukia arubaini. Nikamwambia haina hitilafu, ina watu wenye adabu. Kaandika kitu kwenye daftari.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikutoka nyumbani isipokuwa kwenda kusali.

Baada ya chakula Bi Muhsina kapiga simu. Nilidhani ananipa pole. Kumbe jana, tulipokwisha kuondoka, Benedikta kafunika shimo la udi kwa kizibo cha debe na gundi ya karatasi, kisha kaicheza Mgeni wa Heshima. Kapata elfu moja mia tatu na kumi. Mafundi wa umeme wamemzunguka. Mpishi karudi mara mbili. Bi Muhsina kasema alimsikia Benedikta anacheka kutoka ofisini, kaja kuangalia, na yeye kacheza, kapita mia sita, na kachelewa nyumbani.

Kasema taa zangu ni nzuri kuliko za Aws. Kasema bado hajaamua. Niliondoe lile shimo, au nilisogeze, tu. Jumapili asubuhi aione tena. Jina la Benedikta na alama zake kayaacha kwenye ubao, watu wayaone mlangoni, wapate hamu ya kuyapita.

Elfu moja mia tatu na kumi. Niliiandika mkononi kwa kalamu simu ikiwa bado sikioni. Katika miaka kumi na moja hapana mtu aliyekaa mbele ya kazi yangu muda huo kwa hiari yake. Nimetoka barazani, nimekaa kwenye gari peke yangu, nimeutazama mkono.

Kisha fahamu zimenirudi.

Kizibo cha debe! Juu ya udi! Hivi mtu akija kwako akakuta chetezo, anakifunika na kizibo cha mafuta ya alizeti? Na alama elfu, juu ya Ami Aflah, mlangoni, kila apitaye aone mzee wa ukoo kapigwa na mtu wa deki! Ami akisikia, mimi nitaweka wapi uso wangu?

Mahbuba kasikiliza yote. Kaweka kikombe chini. Kasema, "Marhoon, umepewa. Chukua."

Nikamwambia haelewi. Kasema sikio la kufa halisikii dawa, kanyanyuka kwenda kulala. Hajawahi kulala saa nane mchana katika ndoa yetu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda ukumbini asubuhi. Nimekibandua kizibo. Gundi imenichafulia rangi ya chetezo nilichokichora kuzunguka shimo, nimeisafisha kwa pamba nusu saa. Kisha nimefungua mlango wa nyuma ya pinboli na nimezifuta alama za Benedikta. Ubao umerudi kuonyesha arubaini. Moyo umetulia.

Benedikta aliniona. Kauliza kwani mzee, nimekosea nini? Nimemwambia hakukosea, ila kila kitu kina mahali pake. Kasema yeye alifurahi tu. Kasema kwao Bukoba angemwambia mama yake kwamba jina lake limeandikwa kwa taa Maskati. Nimejifanya nnatafuta bisibisi.

Aws naye katokea. Hana kazi huyu? Kasema kamsikia Bi Muhsina, na kama nnataka, tukae saa moja tu, tulisogeze shimo la udi pembeni pamoja, yeye atashika waya. Kasema pinboli yangu ni nzuri kuliko yake, na yeye anajua. Hapo ndipo nilipojua kuwa anaogopa. Nimemwambia asante, waya nazishika mwenyewe.

Nimekaa kwenye gari nikafikiri kwa utulivu. Tatizo si udi. Tatizo si heshima. Tatizo ni kwamba Ami Aflah kapata arubaini tu, na hapana wa kumpita kwa sababu wote ni wadogo zake. Basi anatakiwa mkubwa wake! Mkubwa wake ana haki ya kumpita. Akipata mia tano, mia tano ndiyo itakayosimama, na heshima imebaki pale pale. Wallahi, mtu mwenye akili kama hii kuambiwa akauze vichungi!

Na mkubwa wake yupo. Dada yake, Shangazi Hajar. Miaka tisini na moja, ulimi kama wembe, mikono hiyo inasuka ukili mpaka leo. Nimempigia. Kasema atakuja, lakini Aflah naye aje, anataka amwone anavyoshindwa.

Penye wazee wawili je?

Jumapili, 9 Novemba

Leo ndiyo siku yenyewe. Nnaiandika kama ilivyokuwa, bila ya kupunguza.

Bi Muhsina kaja peke yake, simu tu mkononi, hakuleta daftari. Kanitazama kwa uso wa mtu anayetaka kukupa kitu. Kakagua meza, kaona shimo la udi liko pale pale. Kakagua ubao. Kauliza elfu moja mia tatu na kumi iko wapi, maana kaja na simu aipige picha kwa ajili ya tangazo. Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, kwa utaratibu, habari ya Ami Aflah na mahali pa kila kitu. Kamtazama Benedikta. Benedikta katazama ndoo.

Shangazi Hajar kaingia kashikwa mkono na Ami Aflah. Huyu hakusubiri kukaribishwa. Kavuta springi kama anachota maji kisimani. Gololi imepiga halwa. Ishirini! Nikapiga takbira. Imeruka juu, imegonga ukingo, imerudi, ikaingia kwenye udi.

Moshi. Mchezo umekwisha. Alama ishirini.

Shangazi kafurahi kupita kiasi. Kaufukiza mtandio, kamfukiza na Bi Muhsina kwa nguvu. Ami Aflah kasimama, kautazama ubao. Kauliza ile arubaini ni ya nani. Nikamwambia yako, ami. Uso umembadilika. Kasema haiwezekani jina lake liwe juu ya dada yake aliyembeba mgongoni. Kasema iondoshwe. Nikamwambia ami, ngoja kidogo. Kapiga fimbo chini.

Ningefanya nini? Ningefanya nini mbele ya wazee wawili? Nimefungua mlango wa nyuma. Nimeifuta arubaini.

Ubao umeonyesha: ya juu kabisa, ishirini.

Wazee wameaga, keshafukizwa kila mtu. Tumebaki sisi. Bi Muhsina kakaa kwenye kiti cha mchezaji, kaweka vidole kwenye vitufe, hakuvuta springi. Kisha kanyanyuka.

"Bwana Marhoon," kasema, "nilitaka kuichukua. Nilitaka kweli."

Nafasi ya mlangoni kaipata Aws.

Kanisaidia kupakia, huyo Aws, yeye na Benedikta, mmoja huku na mmoja huku, mimi nimeshika kioo. Kasema kona ya karakana yake ipo, niende nikafanye kazi pale, tutengeneze ya pamoja. Nikamwambia mimi si fundi wa kushikiwa kona. Alipoondoka nimekumbuka kwamba miaka kumi na moja nilikuwa nimeshikiwa kona.

Nimelia ndani ya pikapu kutoka Madinat Sultan Qaboos mpaka Rusayl. Dereva wa Ghaith kaongeza redio ili asinisikie. Miaka arubaini na nane nnaitaka gololi ile ya Dubai, na ilikuwa mlangoni, na watu walikuwa wanaicheza kwa furaha, na mimi sikuwepo.

Ghaith kafungua godauni, katazama uso wangu, hakuitaja habari ya vyuma chakavu. Kasema itakaa nyuma ya duka, waweke maboksi juu yake. Kesho saa mbili niwepo kaunta.

Jumapili, 16 Novemba

Wiki ya kwanza ya vichungi imekwisha. Vichungi ni vya namna nne na wanunuzi ni wa namna moja: hawajui wanachotaka, na hawakipendi ukiwapa. Mahbuba ananipakilia chakula cha mchana siku hizi. Haongei habari ya gololi. Ananiangalia tu nnapokula jioni, na mimi namwambia chumvi imetosha.

Nimesikia Benedikta ndiye msimamizi wa Mbio za Ngamia sasa. Jina lake lipo mlangoni kwa taa. Kalipiga picha, kamtumia mama yake. Aws kaniletea salamu zake, na boksi la kukunjwa mara nne, kaliweka kwenye kaunta, kasema nililisahau. Kijana mjinga, karejesha kitu cha kutupwa.

Nilikuwa nimekwisha kujisalimisha, wallahi. Nilikuwa nimeshamwambia Mahbuba kwamba Jumamosi nitakwenda kwa Aws nikaione ile kona. Alitabasamu. Alinitilia maharage ya nazi mara ya pili.

Kisha leo, saa tano, kaja mteja kununua kichungi cha kiyoyozi cha chumbani. Kataka cha kelele ndogo, maana nyumbani wana bibi yao, usingizi wake mwepesi. Nimemuuliza bibi ana umri gani, kwa adabu tu, nnampigia hesabu ya chenji.

Miaka mia na tatu.

Nilikaa chini. Nimemuuliza mikono yake inafanya kazi? Kasema mikono ndiyo, macho ndiyo hayaoni. Nikamwambia si neno, kazi yetu ni ya mikono. Nimemuuliza anapenda halwa? Kasema ndicho anachokula. Nimeandika namba ya simu nyuma ya risiti ya Ghaith, na kichungi nimempa kingine kabisa, atarudi nacho kesho, tutazungumza zaidi.

Jioni nimekwenda nyuma ya duka. Nimeteremsha maboksi, nimefuta kioo kwa kanzu yangu. Nimetia udi mpya kwenye kijiko. Shimo lipo katikati, mahali pake. Kwa Aws nshatuma ujumbe kwamba nna shughuli.

Nani tena mkubwa wake? Shangazi Hajar ni mtoto kwake! Acha Bi Muhsina aje na daftari lake safari hii. Mia na tatu! Huyo hapana hata mmoja atakayethubutu kumpita.